Matabishi ya Mama Nyota

Siku moja ya vita imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimesahau nyingine nyingi zilizokuwa mbaya kuliko ile. Nitawasimulia ninyi wawili, wewe Solange na wewe Fiston, kwa sababu mmepanga chumba kwangu hapa Kasenga, Uvira, na kati ya kitanda chenu na changu kuna unene wa tofali moja tu. Jana nimesikia yote. Nimesikia Solange akisema mteja wa hoteli amemwachia matabishi, ile bakshishi ya asante. Nimesikia Fiston akiuliza, "Juu ya nini akuachie weye, asiachie wengine?" Halafu nikasikia sahani ikivunjika. Wahenga walisema sikio halilali njaa, na la mzee hula hata yasiyomhusu. Basi keti, Fiston. Acha kuangalia mlango.

Wakati huo mlikuwa hamjazaliwa. Watu waliniita Mama Nyota kama wanavyoniita leo, ila nilikuwa na meno yote. Mume wangu alikuwa Byamungu, fundi wa mashini, mtu wa mikono mizuri na maneno machache. Sote wawili tulifanya kazi kwenye meli moja iliyotoka bandari ya Kalundu kwenda Kigoma. Vilikuwa vile vita vya pili vya huku kwetu. Barabara ya Bukavu ilipitwa kwa sala, ile ya Baraka kwa sala na machozi, na mwenye uwezo alipita ziwani. Mtoto wetu Nyota tulimwacha kwa mama yangu, mtaa wa Mulongwe.

Chini ya meli walibanana wafanyabiashara na magunia yao, akina mama na vifurushi, mbuzi na kuku. Juu palikuwa na salo, chumba cha meza zenye vitambaa vyeupe, na huko walikaa wageni: watu wa misaada, madaktari, masista, na wale wanunuzi wasiokuambia wananunua nini. Mimi nilihudumu huko juu. Byamungu alikuwa chini kabisa, kwenye mashini, ambako joto na kelele vilimla mtu mzima mzima. Fundi hakuruhusiwa kupanda salo na nguo zake za mazutu, yale mafuta ya mashini. Siku nzima alisikiliza nyayo zetu juu ya kichwa chake, na aliniambia alizijua zangu kati ya zote. Mwanzoni aliniambia hivyo kwa mapenzi, na mimi nilifurahi. Baadaye aliniambia kwa namna nyingine. "Leo ulisimama sana pa meza ya pembeni," alikuwa akisema, akinawa mikono bila kuniangalia.

Ilikuwaje tufike huko? Vita vilikula mshahara, mwanangu. Mwenye meli alituambia tungoje, na tulingoja hadi neno lenyewe likachakaa. Lakini mimi nilikuwa na matabishi. Wageni waliniachia hiki na kile, na kila nilichopata nilikishusha hadi chini na kukiweka kiganjani mwa mume wangu. Sikumficha hata kidogo. Nyota alikula kwa hayo matabishi, na mama yangu alinunua dawa ya kifua. Nilimnunulia Byamungu suruali nzuri ya kaki. Aliikunja, akailaza chini ya godoro, hakuivaa. Nilipomuuliza alisema, "Ile ni suruali ya wazungu." Kuna wivu wa mtu aliyeshiba, huo hutafuta tu maneno ya kuongea. Na kuna wivu wa mwanaume ambaye mkono wake umekuwa mtupu mbele ya mke wake. Huo hautafuti maneno, unatafuta mtu.

Ukampata mtu.

Alikuwa mgeni mmoja mweupe, mtu mzima, mnene, masikio mekundu kwa jua, mhandisi wa mabomba ya maji. Tangu tuondoke Kalundu mawimbi yalimtesa. Alitapika hadi akawa kijivu. Nilimshikia ndoo, nikampa chai ya ndimu na chumvi kidogo kama mama yangu alivyonifundisha, nikamfunika. Asubuhi ya pili alisimama kwa miguu yake, na akataka kunishukuru. Alikuwa mtu wa adabu, sasa naijua adabu yake. Alimwendea kapiteni, akamuuliza watu wa huku husema nini wanapompa mtu kitu kidogo cha asante. Kapiteni, bila ubaya wowote, akamfundisha: "Sema 'ya sabuni'."

Ninyi vijana mnaweza kucheka. Lakini kwetu, shangazi akikutembelea na akakuachia noti mlangoni, husema ni ya sabuni, na hiyo ni baraka. Babu akisema hivyo ni baraka pia. Ila sabuni ya mwanamke aliyeolewa hununuliwa na mume wake, pamoja na chumvi na kitenge. Mwanaume wa kando akimwambia mke wa mtu "hii ya sabuni", ametupa ndoano. Mgeni yule angelijulia wapi hilo? Alinisubiri juu ya ngazi, akanishikisha noti iliyokunjwa kwa mikono yake miwili, akajikaza kusema vizuri alivyofundishwa: "Mama, ya sabuni."

Na Byamungu alikuwa katikati ya ngazi. Alikuwa amepanda kuomba maji ya kunywa.

Mgeni alipoondoka, mume wangu alimalizia vidaraja vilivyobaki polepole.

"Alikuambia nini?"

"Ni matabishi, Baba Nyota. Alikuwa mugonjwa, nilimusaidia."

"Mugonjwa anaponaka na sabuni?"

"Hajui maana. Walimufundisha vile."

"Leta."

Nikampa. Akaiweka noti mfukoni, akashuka. Nikadhani yamekwisha. Moyo wa mtu ni msitu, nami niliishi ndani ya msitu ule miaka na bado sikuona kilichokuwa kinakuja.

Mchana, wakati wageni wote wamekaa kula, mlango wa salo ulifunguliwa. Byamungu aliingia na nguo zake za mazutu, jasho likimtiririka, na mkononi alikuwa na klé, ile kubwa ya kufungulia bolti za mashini. Sidhani alikumbuka kwamba ameishika. Mkono wa fundi hushika chuma kama wako unavyoshika shuka usingizini. Lakini wageni waliiona. Sista mmoja alipiga kelele. Byamungu alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule mhandisi, akaitandaza noti kando ya sahani yake ya samaki.

"Bibi yangu iko na bwana," alisema. "Sabuni yake, ni minye nanunuaka. Chukua feza yako."

Mgeni akawa mwekundu uso mzima. Alinitazama, akamtazama Byamungu, akaitazama noti. Halafu, mwanangu, alifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka sijui nilie au nicheke. Alitoa pochi yake, akachomoa noti nyingine kubwa zaidi, akailaza juu ya ile ya kwanza. "Pardon, Monsieur," alisema, akiomba radhi. "Pardon."

Byamungu aliinua klé.

Aliyemshika mkono ni Mzee Ramazani, mpishi wa meli, mtu aliyezeeka katika jikoni za ziwa hili. Alitoka jikoni na kisu cha vitunguu katika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alimkamata Byamungu kifundo cha mkono kama unavyokamata kuku. Saa hiyohiyo wanajeshi waliokuwa wakilinda meli waliingia. Nilisikia bunduki ikikokiwa. Nilijitupa kati yao na mume wangu, na sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka nilikuwa nimeshika sahani na sikuidondosha.

Wakamsukuma Byamungu jikoni na kumfungia huko pamoja na mimi na Mzee Ramazani, wakati kapiteni na wanajeshi wakijadili wamfanye nini. Wengine walitaka kumtupa ziwani. Tulisikia sauti zao. Byamungu alikaa juu ya gunia la mchele, na mzee akarudi kwenye vitunguu vyake, akakata, akakata, kisha akasema bila kugeuka:

"Unajua muzungu alifikiri nini? Alifikiri unamuambia ni kidogo. Kwao, muntu akirudisha matabishi, ni kusema umemutukana na kidogo. Weye ulisema 'usiguse bibi yangu', ye alisikia 'ongeza'. Muliongea wote wawili, hakuna mwenye alisikia."

Byamungu alijifuta mazutu ya mikononi kwenye suruali.

"Minye nimepewa matabishi mu ziwa hii tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi," mzee aliendelea. "Kulikuwa Mugiriki moja, mufanyabiashara. Ye hatoi feza. Anakuita, unakaa na ye, munakunywa chupa moja. Ukikataa kukaa, anakasirika. Mukubwa wa Kirundi naye anakuambia 'ya fanta', hata kama ni feza ya kununua kasha muzima. Mufuliiru wa kwetu hakupi kitu weye. Miezi inapita, unasikia alituma kuku kwa mama yako. Na kulikuwa mama daktari wa kule jua linatokea. Alikula, aliinama hivi, akaenda zake. Minye nilibakia na mukono wazi. Alirudi, akaona mukono wangu, akasikia haya juu yangu, sawa vile nimesimama uchi. Kwao ukimulipa muntu juu ya wema wake, umemupunguza. Sasa ni nani mubaya kati yao? Nitajie."

"Hakuna," Byamungu alisema chini chini.

"Asante ni moja, mikono ni mingi. Ungemuuliza bibi yako, ukangoja jibu. Hapana kuuliza na jibu iko tayari mu mufuko." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikapoa. "Na weye, mutoto wangu, mwanaume mwenye halipwe, usimuwekee tu feza mu mukono. Muletee na habari yake. Nani alitoa, juu ya nini, mulicheka nini. Feza yenye haina habari, muntu anaitungia habari mwenyewe."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tuliambiwa tangu utoto. Lakini kuuliza kunahitaji unyenyekevu, na unyenyekevu ndio kitu cha kwanza njaa huiba.

Mlango ulifunguliwa. Kapiteni alikuwa amemwokoa kwa namna aliyoweza: hakutupwa majini, lakini angeshushwa. Mbele yetu kulikuwa na kijiji cha wavuvi, upande ule wa Baraka, na meli ilikuwa isimame hapo kupakia samaki wakavu. Nilianza kukusanya vitu vyangu nishuke naye. Byamungu alinizuia. "Nyota atakula nini?" aliuliza. Alishuka na nguo alizovaa, maji yakimfika kiunoni, akafika mchangani, akageuka. Sikumpungia mkono. Nilikuwa na hasira bado, mwanangu. Alikuwa ameniaibisha mbele ya watu ambao niliwategemea, kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilisimama na mikono yangu nimeifumbata, na meli ikamwacha akiwa mdogo, mdogo, mpaka akawa kama kisiki.

Hasira ile ilikwisha kabla hatujafika Kigoma. Wasiwasi ulioingia mahali pake haukwisha.

Tulirudi Uvira. Kila aliyetoka kusini nilimwuliza. Barabara ilikuwa na vizuizi vya kila jeshi, na mwanaume aliyetembea peke yake alikuwa mpelelezi kwa hawa na askari mtoro kwa wale. Wiki zikapita. Mama yangu alianza kunitazama kwa macho ya msiba. Halafu siku moja, soko la Mulongwe, muuza ndagala mmoja, wale dagaa wa ziwa letu, aliyekuja na mtumbwi aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba mume wangu ni mzima. "Iko kwa mujane moja," alisema. "Mama Asukulu. Anamutengenezea moteri ya mutumbwi. Anakula vizuri, usiwe na mashaka!"

Nilimshukuru. Nikanunua ndagala zake. Nilitembea hadi nyumbani, na nilipofika nikagundua nimezifinyanga zote ndani ya kitambaa, zimekuwa unga.

Yaani, Solange, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye hadithi. Miezi yote ya wivu wake nilimwona Byamungu kuwa mjinga. Nilisema, mimi sijui wivu, nimelelewa vizuri. Kumbe nilikuwa sijapewa tu nafasi. Nililala na jina la mwanamke nisiyemjua. Nilimpa sura. Mara awe mweupe wa maji ya kunde, mara awe mrefu. Nilimpa sauti, nikampa mapishi. Nilimwona Byamungu akiramba vidole. Nilihudumia wageni salo, na mgeni akiniachia kitu chini ya sahani, nilijiuliza, je, yule mjane naye humwachia nini? Hata sala zangu ziliharibika: naomba arudi salama, na katikati ya kuomba naanza kugombana naye.

Alirudi siku ya mvua kubwa, mto Mulongwe umefurika hadi nyuma ya nyumba, sisi tunahamisha magodoro. Mtu akasimama mlangoni, mwembamba, ndevu kama msitu, na viatu vya mpira visivyokuwa vyake. Nyota hakumtambua, akajificha nyuma yangu. Byamungu aliweka chini mfuko wake, akashika ncha ya pili ya godoro nililokuwa nimebeba, tukalipandisha juu ya meza. Ndivyo alivyosalimia.

Maji yalipopungua alianza kusema, na alisema zaidi kuliko miaka yote niliyokuwa naye. Alikuwa amekamatwa kwenye kizuizi, akapigwa, akatoroka, akarudi hadi kijiji kile na homa. Mama Asukulu alimkuta ufukweni. Mume wake alikuwa ameuawa mwanzoni mwa vita. Alimlaza kwenye kibanda cha nyavu, akamlisha uji, kisha samaki. Alipopata nguvu alimtengenezea mashini yake. Na siku ya kuondoka, mwanamke yule alimpa viatu vya marehemu na feza kidogo ya njiani.

"Nilipokea," Byamungu alisema. "Mu mukono ya bibi ya marehemu, mbele ya watoto wake. Na sikukuwa na wazo mubaya, na ye hakukuwa na wazo mubaya. Nilitembea na ile viatu, nikakumbuka ule muzungu na masikio yake." Akainamisha kichwa. "Mama Nyota, nisamehe."

Ilikuwa zamu yangu ya kusema neno jema. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Huyo Mama Asukulu iko na myaka ngapi?"

Byamungu aliinua kichwa. Uso wake ukaanza kufunguka, na akacheka, akacheka mpaka mbavu zilizopigwa zikamuuma akazishika. Mama yangu akacheka chumbani kwake. Mimi peke yangu sikucheka, nilikuwa nangoja jibu. Na alinijibu, tena kwa upole: "Iko kama weye. Na ni muzuri. Uliza ingine yenye unataka, nitakujibu yote." Nikauliza. Niliuliza mengi ya aibu. Alijibu moja moja, na nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama mtu aliyefua nguo za msiba mzima, na moyo ulikuwa safi.

Baadaye vita vilipanda hadi kijiji kile, na Mama Asukulu mwenyewe alifika Uvira na watoto wake, akatuulizia. Alikuwa mzuri kweli, Byamungu hakudanganya. Nilimtandikia mkeka wetu mpya. Alikaa nasi mpaka akapata chumba mtaa wa Kimanga. Siku anahama nilimpa feza, nikamwambia ni kwa ajili ya uji aliompa mume wangu. Sura yake ikafunga. Aliirudisha taratibu, akanifunga vidole kwa vidole vyake. "Mama Nyota," alisema, "minye sikuuzishaka uji." Nami niliyefanya kazi ya matabishi miaka yote ile nilisimama pale sijui pa kuuweka mkono. Tulilea watoto pamoja baadaye. Hilo alilipokea.

Sasa nasaha yangu ni hii, na msiseme bibi hakuwaambia. Fiston, mkono unaompa mke wako kitu, uulize kabla ya kuuhukumu. Muulize mke wako, na ukishauliza nyamaza, usimjibie. Kama kazi yako ya kiwandani imelala, hilo ni jambo la kukuumiza, na nalijua. Lakini usimfanye Solange alipe deni la vita na la mwenye kiwanda. Mwanaume hapungui kwa sababu mke wake ameshukuriwa. Solange mwanangu, matabishi yakija, yaje na habari yake nyumbani. Na akija wa kukupa kwa nia nyingine, maana wapo, usijidanganye, mrudishie mbele ya watu na umwambie mume wako siku hiyohiyo. Usimcheke mwenye wivu. Wivu wako mwenyewe bado umelala, na haujui kugonga mlango unapokuja. Na ninyi wote, mkipewa na mtu wa mbali, msidhani amesema kwa lugha yenu. Mkitoa kwa mtu wa mbali, msidhani amesikia kwa lugha yenu. Kutoa ni moyo, lakini namna ya kutoa hufundishwa mtu kwao.

Byamungu amelala makaburini sasa, na sijapata mtu mwingine wa kuzijua nyayo zangu. Kwa hiyo nawaombea ninyi. Mungu aliyevusha ziwa hili watu wengi wasiojua kuogelea awavushe na ninyi. Awape kazi wote wawili, awape watoto wasiojua mlio wa bunduki, na awazeeshe katika nyumba moja, mkiulizana na mkijibiana. Amina. Solange, leta fagio, kuna vipande vya sahani bado sakafuni. Fiston, nenda naye ukamshikie taa.